Kifuu cha Nazi Mezani

Kazi ya kumtunza yule bibi wa Stanmore, London, niliianza majani yalipokuwa yanaanguka, juma moja baada ya sikukuu kubwa za Kiyahudi kumalizika. Ejensi walinipa karatasi moja: mwanamke, Myahudi, miaka themanini na minane, mjane, anaishi peke yake, ameanza kusahau. Chini kabisa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, "Mkali." Nikacheka peke yangu ndani ya basi. Mie mtu wa Pemba, nimelelewa na mama aliyekuwa akitutazama tu tunanyamaza nyumba nzima. Mkali wa Stanmore atanifanya nini?

Alinisimamisha mlangoni mwa jikoni kabla sijavua koti. Sahani za bluu za maziwa, sahani nyekundu za nyama, kwa sababu kwao nyama na maziwa haviliwi pamoja. Masufuria mawili mawili, visu viwili viwili, hata vitambaa vya kufutia vyombo. "Ukichanganya," alisema, "sahani naitupa na wewe nakufukuza." Nikamwambia mie nguruwe sili, pombe sinywi, najua maana ya haramu, tutaelewana. Akanikazia macho. Akaniuliza kwetu mwanamke wa umri wake anaitwaje. Nikamwambia anaitwa Bibi. "Basi niite hivyo. Hao wengine wananiita jina langu kavukavu, utasema nimesoma nao."

Siku ile ile akaniambia anachokitaka. Mwanawe mmoja tu, anayekaa Hendon, alikuwa anatafuta nafasi ya kumpeleka nyumba ya wazee. Bibi hakubishana sana. Aliomba mwaka mmoja. "Mzunguko mmoja mzima," aliniambia, "sikukuu zote, moja baada ya moja, kwenye meza yangu. Nikishamaliza, wanipeleke wanakotaka." Nikamwambia inshallah, utaumaliza, nipo. Sikuwa na mamlaka yoyote ya kuahidi, lakini niliahidi, na naandika haya kwa sababu ya ile ahadi.

Basi tukaanza kuzihesabu. Ilianza Hanuka, siku nane katikati ya baridi, kila jioni mshumaa mmoja unaongezwa dirishani. Hairuhusiwi kuutumia mwanga wake kwa kazi yoyote, hata kutafutia miwani. Ni wa kutazamwa tu. Tulikaa tunautazama, yeye na blanketi lake, mie na soksi zangu mbili mbili. Ikaja Purimu, ambayo watu hupelekeana vyakula, na mie nikatumwa nyumba tano za jirani na vikapu vya biskuti na matunda, nikajiona niko Wete mwezi wa Ramadhani napeleka sahani za futari. Ikaja Pasaka yao. Loo! Pasaka ile ilinitoa jasho. Siku nane hakuna chachu ndani ya nyumba, hata punje ya mkate chini ya kochi. Alinipa unyoya na mshumaa tukatafuta makombo pamoja, yeye ananielekeza kwa fimbo yake, "Pale! Pale nyuma!" na mie nimepiga magoti nacheka. Ikaja Sikukuu ya Majuma, watu wanakula vitu vya maziwa na keki ya jibini, na bibi akasimama jikoni kuhakikisha sahani nyekundu zimefungiwa kabatini zote. Kusahau alikuwa akisahau, sisemi uongo. Mara mbili aliacha birika kwenye moto likaungua. Mara nyingine aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Lakini nyama na maziwa hakuwahi kukosea hata siku moja.

Nilichokipenda zaidi ni Sabato. Tangu Ijumaa jua linapotua mpaka Jumamosi nyota zinapotoka, hawashi taa wala hazimi. Na hata kuniambia mie "washa" haifai. Basi atakaa kwenye giza lake aseme, "Ajabu, leo sivioni hata vidole vyangu." Mie nanyanyuka. Au, "Kumbe London nayo ina joto hivi," nami naenda kupunguza hita. Mambo hayo nani atanifundisha? Kwetu mwanamke anaweza kumtukana jirani yake kwa leso aliyojifunga tu, asifungue mdomo, na jirani akalia. Nikajiona bingwa wa mafumbo. Nilikuwa najisifu kwa dada yangu anayekaa Hayes, namwambia yule bibi na mie tunaongea bila kuongea.

Sasa nifike kwenye kuku.

Aliniuliza siku moja kwetu Ijumaa tunakula nini. Nikamweleza kuku wa kupaka, anavyochomwa kisha akamiminiwa tui zito lenye ndimu na pilipili. Akataka. Mbuzi yangu ya kukunia nazi aliikataa alipojua imeshakunia nazi za mchuzi wa kamba, kwa sababu kamba kwao ni haramu, kwa hiyo ikanunuliwa mpya. Kuku alitoka kwa mchinjaji wao. Jiko aliwasha yeye kwa mkono wake, jua halijatua, ndiyo sheria, kisha nikapika mie. Na chakula hicho hakikuwemo kwenye mpango wa chakula wa ejensi, ambao ulisema supu, samaki wa mvuke na viazi vya kuponda. Nilijua. Nilipika hivyo hivyo, kwa sababu ile supu hata paka angeisusa.

Kuku alipokuwa mezani, bibi akanyanyuka, akaenda polepole kwenye ndoo ya taka, akatoa nusu ya kifuu cha nazi, akakiosha, akakipangusa na kukiweka mezani, ubavuni mwa sahani ya kuku. Nikamuuliza cha nini hicho, bibi. Akasema, "Watu wasije wakadhani." Watu gani? Mezani tulikuwa wawili tu.

Nikakitoa. Akakirudisha. Nikakitoa tena, nikakitupa nje kabisa, naye akakasirika, akala bila kunisemesha. Kwetu kifuu ni cha kuwashia moto, au kinatupwa jaani. Hakikai karibu na chakula cha watu. Nikasema moyoni, masikini, ndiyo yanaanza hayo, sasa anaokota taka. Ijumaa ya pili akafanya vile vile, na ya tatu, na ya nne. Kila mara nakitupa. Na kila mara, kwenye daftari la kazi ambalo ejensi hutaka tuandike kila kitu, niliandika: ameokota kifuu cha nazi kwenye taka na kukiweka mezani; nimekitoa; amekuwa mkali. Niliandika kwa herufi nzuri za kuachana, kwa sababu ofisini walikuwa wameshalalamika kuwa mwandiko wangu hausomeki.

Mwezi wa Agosti akaja mwanamke wa ejensi na kompyuta yake ndogo kufanya tathmini. Mwanawe bibi alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa katikati ya meza. Yule mwanamke akasoma habari ya birika. Akasoma habari ya dada aliyekufa. Kisha akasoma maneno yangu, Ijumaa baada ya Ijumaa, na nikasikia yalivyo mabaya yakisomwa kwa sauti ya mtu mwingine.

Akamgeukia bibi, akamuuliza kwa upole kwa nini anaweka ganda la nazi mezani.

"Watu wasije wakadhani," bibi akasema.

"Wadhani nini?"

Bibi akatafuta neno. Nilimwona akilitafuta, mdomo umefunguka, mkono unapapasa kitambaa cha meza. "Maziwa," akasema. Akasita. "Kuku. Maziwa."

Kwenye simu mwanawe akashusha pumzi. Mama yake, aliyetupa sahani nzima nzima maisha yake yote kwa tone la maziwa, leo anasema kuku na maziwa.

Na mie pale nilikuwa na maneno ya kusema. Ningesema, ni tui hilo, bibi anasema tui, Kiingereza ndicho kinacholiita maziwa. Kwetu tui ni tui na maziwa ni maziwa, hata mtoto hachanganyi. Lakini ningesema hivyo ningeulizwa, tui limetoka wapi kwenye mpango wa supu na viazi? Niliogopa kazi yangu. Nikanyamaza. Bibi alinitazama, akangoja, mie nikatazama kitambaa cha meza.

Walimhamisha wiki mbili kabla ya Mwaka Mpya wao. Zilikuwa zimebaki sikukuu tatu tu kwenye mzunguko: Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho, na Sikukuu ya Vibanda. Nilimfungia mizigo. Hakuniambia neno, hata fumbo.

Ejensi wakanipa mzee mwingine, Myahudi pia, mtaa wa pili. Siku moja nimekwenda kumnunulia nyama kwa yule yule mchinjaji, mzee mwenye aproni yake na maneno mengi, akaniuliza habari za bibi. Nikamweleza. Nikamweleza na kifuu, na nasema kweli, nilikisimulia kama kichekesho. Nilicheka mwenyewe.

Yeye hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Alikiweka karibu na kuku?"

"Ubavuni kabisa."

"Na mchuzi mweupe?"

"Mweupe, wa nazi."

Akanieleza. Wazee wao wa zamani walikuwa wakipika nyama kwa maziwa ya lozi. Si maziwa ya mnyama, ni halali. Lakini mgeni akipita akaona nyama ndani ya kitu cheupe, atadhani mwenye nyumba amevunja sheria, na kumtia mtu kwenye dhana mbaya nako ni kosa. Kwa hiyo huwekwa lozi chache mezani, karibu na sahani, watu waone, wasije wakadhani. Bibi hakuwa na lozi. Alikuwa na nazi. "Huyo mama hajachanganyikiwa," mchinjaji akasema. "Hiyo ni sheria ya bibi yake na bibi wa bibi yake. Mimi mwenyewe siku hizi nauza maziwa ya lozi ya boksi, boksi lenyewe ndilo linasema."

Mie, bingwa wa mafumbo. Niliondoka pale nimesahau nyama, nikarudi kuichukua, nikaondoka nimesahau chenji.

Nililia barabarani, na sioni haya kusema. Kitu pekee ambacho akili yake ilikuwa bado imekishika barabara, ndicho nilichokiandika kuwa ni wazimu.

Mchinjaji alikuwa ameniambia jambo jingine. Siku kumi kati ya Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, mtu huwaendea aliowakosea. Siku ile Mungu husamehe aliyokosewa Yeye; uliyomkosea mwenzako, mpaka mwenzako akusamehe. Hilo halikuwa geni kwangu. Ni haki ya mja, nimesomeshwa chuo cha Kurani nikiwa na miaka saba. Ila siye siku hizi tunaombana radhi kwa simu kabla ya Ramadhani, ujumbe mmoja wenye maua, unatumwa kwa kila mtu hata fundi bomba. Wao, alisema, unakwenda kwa miguu yako, unasema ulichofanya. Akikataa, unarudi. Akikataa, unarudi tena. Mara tatu.

Nikaenda. Nyumba ya wazee ilikuwa safi, inanuka sabuni, na Mwaka Mpya ulikuwa umepita siku mbili. Bibi alikuwa dirishani. Alinitambua. Nikapiga magoti ili nimwone usoni, nikamwambia yote: kifuu, daftari, na kunyamaza kwangu.

"Tufaha na asali walituletea kwenye sahani ya karatasi," alisema. "Mwaka Mpya. Sahani ya karatasi."

"Bibi, nisamehe."

"Hapana."

Sikuwa nimejiandaa kwa hapana. Nilidhani mzee, mpole wa ugonjwa, atanipapasa kichwa basi. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwanangu anajua?"

Jioni hiyo hiyo nikampigia mwanawe. Nilimwambia vyote, na kuku ambaye hakuwemo kwenye mpango, na nikamwambia kama atataka kuwaambia ejensi awaambie. Akasema anashukuru kwa kumjulisha. Akasema lakini lilikuwepo pia birika. Ni kweli, birika lilikuwepo. Akasema sasa yuko na mambo mengi, sikukuu zimefuatana, na nyumba ya mama imeshakuja kutazamwa na wanunuzi.

Nikarudi mara ya pili, nikamwambia bibi nimeshamwambia mwanao. "Amesema nini?" Nikamwambia. Akageuza uso dirishani. Nikamwomba tena. "Hapana," alisema, safari hii taratibu, na akaniambia nimletee sweta yake ya kijivu mara nyingine nikija. Nikampelekea.

Mara ya tatu ilikuwa mchana wa mkesha wa Siku ya Upatanisho. Jua likitua tu, wanafunga, mlo na maji, usiku mmoja na mchana mmoja, na simu na magari yote yanalala. Yeye madaktari walimkataza kufunga. Sheria yao inamruhusu mgonjwa anywe kidogo kidogo, kwa vijiko vya kuachana, na alikuwa ameshamwelekeza nesi kijiko cha kutumia.

Nikapiga magoti. Sikurudia maelezo, nilisema tu, "Bibi, nimekuja."

"Nimekusamehe," akasema, hapo hapo. Akaniwekea mkono kichwani kweli, mkono mkavu, mwepesi. "Ulikuja mara tatu. Wewe nimekusamehe. Yeye bado hajaja."

Nikatazama saa. Nikatoka kwenye korido nikampigia mwanawe. Iliita, ikaita, nikasema keshazima. Akapokea, nyuma yake nasikia vyombo na watoto, wako kwenye mlo wa mwisho. Nilimwambia kwa pumzi moja: mama yako anakungoja umwombe msamaha, na jua halitakungoja. Wallahi sijui nilipata wapi ujasiri wa kumsemesha mtu wa hadhi yake hivyo. Simu ikakatika.

Alikuja. Mwanamume wa miaka sitini, suti nyeusi, jasho. Nilitaka kuwapisha, bibi akanishika mkono. Alisimama mbele ya mama yake akaanza kusema habari za usalama wake, na madaktari, na birika. Bibi alimwachia amalize. Kisha akasema, "Hapana. Njoo kesho."

"Mama, kesho siwezi kuendesha gari."

"Najua."

Walikaa hivyo wanatazamana mpaka dirisha likawa jeusi. Gari aliliacha pale pale kwenye maegesho. Alikwenda kusali kwenye sinagogi la karibu, kisha akarudi Hendon kwa miguu.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaja asubuhi. Saa saba za mchana alitokea mlangoni. Suti ile ile, na chini viatu vya raba vyeupe vya kuchezea, kwa sababu siku hiyo hawavai ngozi. Alikuwa ametembea mwendo wa karibu saa mbili, hajala, hajanywa, midomo imepauka. Hata mie niliyezoea kufunga nilimwonea huruma. Hakusema habari ya birika.

"Mama," alisema, "sikukuuliza. Nilisoma karatasi nikatia sahihi, wewe sikukuuliza. Nisamehe." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetoa zawadi, "Nyumba haijauzwa. Sikukuu ya Vibanda nitajenga kibanda bustanini kwako, tutakula huko, siku zote."

Bibi alikuwa anakunywa maji yake, kijiko kimoja. Akakiweka chini.

"Na Mwaka Mpya?" akauliza. "Niliomba mzunguko mmoja. Mwaka Mpya umepita. Huo utanirudishia?"

Nilidhani atatafuta maneno. Watu wa namna yake, wenye ofisi, hawakosi maneno.

"Siwezi, Mama," alisema. "Huo siwezi."

Bibi akasogeza miguu yake kutoka kwenye kigoda.

"Leo umesema kweli," alimwambia. "Kaa."